Simu ya Shangazi na Mtandao wa Jumapili

Majira ya baridi ya mwaka 2005 niliishi kwa shangazi yangu mjini Minneapolis, na kila Jumapili ilipofika saa tano asubuhi mtandao wa nyumba ile ulilegea. Haukukatika moja kwa moja, maana ungekatika ningejua la kufanya. Kurasa zilifunguka nusu, picha zikasimama katikati, barua pepe niliyoituma ikazunguka bila kuondoka, na baada ya saa moja au zaidi kila kitu kikarudi kama hakuna lililotokea. Nilikuwa mwanafunzi, na kazi zangu za chuo zilikuwa zikikusanywa Jumapili usiku. Kwa hiyo Jumatatu tatu mfululizo niliipigia kampuni iliyotuuzia intaneti, na mara zote tatu nikaambiwa nizime modemu, nihesabu hadi 30, kisha niiwashe tena. Nilizima, nikahesabu, nikawasha. Hata mara moja sikujiuliza shangazi alikuwa akifanya nini saa hiyo.

Alikuwa akipiga simu Mombasa. Saa tano asubuhi ya Minneapolis wakati wa baridi ni saa mbili usiku kule Mji wa Kale, watu wameshaswali isha na wako nyumbani, na kadi za kupigia simu zilikuwa na bei nafuu Jumapili. Shangazi alikuwa akiikwangua kadi kwa ukucha, akibonyeza ile mistari mirefu ya tarakimu huku akiisoma kwa sauti, kisha akianza kuzunguka nyumba nzima na mkonga wa simu begani: jikoni kukaangiza, sebuleni kupanga mito, ngazini kushuka kwenye mashine ya kufulia. Simu yenyewe ilikuwa ya mezani isiyo na waya, yaani kitako chake kimechomekwa kwenye laini ya ukutani na mkonga unazungumza na kitako hicho kwa mawimbi ya redio. Ubavuni mwa mkonga, kwa herufi za fedha, kiwanda kilikuwa kimeandika sifa yake kuu: gigahezi 2.4.

Hayo ndiyo masafa ya mawimbi yake. Ruta yetu, yaani kile kisanduku kinachosambaza intaneti nyumbani kwa mawimbi bila waya, nayo ilikuwa ya gigahezi 2.4. Na kwa kuwa intaneti ya nyumba ile ilipitia laini ya simu, na laini ilikuwa na tundu moja tu ukumbini, modemu, ruta na kitako cha simu vyote vilikuwa juu ya meza moja ndogo. Kati ya antena ya ruta na antena ya simu hapakuwa na hata shubiri mbili.

Nilipogundua hayo nilimwendea shangazi nikiwa na ushindi wa mtu aliyemkamata mwizi. Nikamwamkia, nikamweleza kwa adabu kwamba simu yake ndiyo inayotuharibia intaneti. Akaniitikia marahaba, akaendelea kukunja nguo, kisha akasema: «Mwanangu, simu hii nimeinunua kabla hujaja na hiyo intaneti yako. Sasa hapo mgeni ni nani?»

Niliona ni jibu la mtu mzima anayelinda chake. Nilipoigeuza simu na kusoma maandishi madogo yaliyochapwa chini ya kitako, nikakuta kwamba swali lake lilikuwa limegusa kiini cha jambo kuliko maelezo yangu. Maandishi hayo ya tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, yalisema mambo mawili: kwamba chombo hicho hakitakiwi kusababisha mwingiliano wenye madhara, na kwamba kinatakiwa kuvumilia mwingiliano wowote kitakaoupokea, hata ule utakaokifanya kifanye kazi vibaya. Nikaigeuza ruta. Maneno yale yale.

Masafa hayo hayana mwenyewe. Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City mwaka 1947 uliyatenga kwa ajili ya viwanda, sayansi na tiba, yaani kwa mashine zinazotumia mawimbi kupasha vitu joto na kazi za aina hiyo. Ndiyo maana jiko la maikrowevu linafanya kazi karibu na gigahezi 2.45. Mwaka 1985 FCC iliruhusu vyombo vya mawasiliano visivyo na leseni viingie katika vipande vitatu vya masafa ya namna hiyo: megahezi 902 hadi 928, megahezi 2,400 hadi 2,483.5, na megahezi 5,725 hadi 5,850. Wenye viwanda vya simu wakaingia, wenye viwanda vya ruta wakaingia, waliotengeneza vifaa vya kumsikilizia mtoto mchanga akilia chumba cha pili nao wakaingia. Wote wakakaa pale bila hati, na aliyetangulia hakupata haki yoyote zaidi ya aliyechelewa. Kisheria, basi, mimi na shangazi tulikuwa wageni wote wawili.

Tatizo ni tabia. Mtandao usiotumia waya umefundwa adabu ya baraza. Kabla ya kusema neno, ruta na kompyuta husikiliza kwanza; zikisikia hewani kuna anayezungumza, hunyamaza, husubiri kidogo kwa muda wa kubahatisha, kisha hujaribu tena, na kila ujumbe ukifika salama mpokeaji hujibu kwamba ameupata. Simu za aina ya shangazi hazikuwa na adabu hiyo. Ukishabonyeza kitufe cha kuzungumza, kitako na mkonga hurusha mawimbi yao mpaka mazungumzo yaishe, bila kumuuliza mtu. Sasa mweke mtu anayesubiri zamu karibu na mtu asiyejua kwamba kuna zamu, uone nani atazungumza.

Madhara yake huja kwa njia mbili, na ya pili ndiyo mbaya zaidi ingawa haielezwi mara nyingi. Ya kwanza ni kwamba ruta husikia hewa imejaa, ikaendelea kungoja. Ya pili ni kwamba ruta huona upenyo, ikarusha ujumbe, simu ikaukanyaga katikati, na jibu la kwamba umefika lisirudi. Ruta haina namna rahisi ya kujua kwa nini jibu halikurudi. Hudhani kwamba kompyuta iko mbali na haisikii vizuri, ikafanya kile ambacho mtu hufanya anapozungumza na aliye mbali: hupunguza mwendo ili maneno yawe wazi. Ruta ya wakati ule ilianza na megabiti 54 kwa sekunde, na ikikosa majibu iliteremka ngazi kwa ngazi, na ngazi ya chini kabisa ilikuwa megabiti 1. Ujumbe wa baiti 1,500, ambao kwa megabiti 54 hukaa hewani chini ya robo ya milisekunde, kwa megabiti 1 hukaa milisekunde 12. Kama simu inahama masafa mara 100 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 10, ujumbe mfupi una nafasi nzuri ya kupenya wakati simu iko kwingine, lakini ule wa milisekunde 12 hauna budi kukutana na kuhama kwake angalau mara moja. Kwa hiyo dawa ambayo ruta ilijipa ilikuwa ikiuongeza ugonjwa. Kilichonistaajabisha wakati ule ni kwamba alama ya mawimbi kwenye kompyuta yangu ilibaki imejaa, vijiti vyote vitano, huku hakuna kinachopita.

Lakini hapa nilikuwa bado sijathibitisha lolote, na nataka nikae kidogo kwenye kuthibitisha, kwa sababu ndipo watu wengi wanapoihukumu simu isiyo na hatia. Mtandao kukatika kila simu inapotumika hakumaanishi kwamba mawimbi yamegongana. Katika nyumba ambayo intaneti inakuja kwa laini ya simu, waya ule ule hubeba vitu viwili: sauti chini ya kilohezi 4, na data juu ya hapo, kuanzia karibu na kilohezi 25 hadi zaidi kidogo ya megahezi 1. Kati ya simu na waya hutakiwa kuwekwa kichujio kidogo, kiboksi cha ukubwa wa kiberiti. Kisipokuwapo, kuinua simu kunaweza kuivuruga modemu kupitia waya wenyewe, hata kama simu ni ile ya kamba ya miaka ya zamani isiyojua redio ni nini. Dalili ni ile ile kabisa: shangazi anapiga simu, intaneti inaanguka. Mtu atanunua ruta mpya, atanunua simu mpya, na kumbe alihitaji kichujio cha dola chache.

Njia ya kutenganisha mambo haya ni rahisi, na haihitaji utaalamu. Jumapili iliyofuata nilifungua dirisha jeusi la amri kwenye kompyuta, nikaiagiza itume ujumbe mdogo kwa ruta yenyewe kila sekunde, bila kwenda kokote kwenye intaneti, na ihesabu milisekunde za kurudi. Kabla ya saa tano zilikuwa 2, 3, 2, 2, na mara moja moja 5. Nikamsikia shangazi akisoma tarakimu za kadi. Zikawa 40. Zikawa 310. Kisha ikaja mistari mitatu mfululizo iliyosema kwamba muda umekwisha bila jibu, ikafuata 870, ikafuata ukimya mwingine. Nikachukua waya wa mtandao, nikashuka ukumbini, nikaunganisha kompyuta moja kwa moja nyuma ya ruta huku shangazi bado yumo kwenye habari za harusi ya binti wa jirani. Kwa waya zilirudi chini ya 1, zote, na kurasa za intaneti zikafunguka kama kawaida. Kwa hiyo modemu ilikuwa nzima, laini ilikuwa nzima, kichujio kilikuwa mahali pake. Kilichoharibika kilikuwa hewa tu.

Kama matokeo yangekuwa kinyume, yaani ruta inajibu vizuri bila waya lakini intaneti haipatikani, ningelitazama tundu la ukutani na nisingeigusa simu.

Dawa ya kwanza niliyojaribu ni ile inayotajwa kila mahali, kubadilisha chaneli, yaani kipande cha masafa ambacho ruta hukitumia. Nchini Marekani ruta za masafa haya zina chaneli 11, na katika nchi nyingi nyingine zikiwamo zetu ni 13, lakini zimepishana kwa megahezi 5 tu ilhali kila moja inahitaji kama megahezi 20, kwa hiyo zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Nilizipitia zote tatu bila nafuu ya maana. Sababu niliielewa baadaye. Zipo simu za gigahezi 2.4 za analogi, ambazo hukaa mahali pamoja kwenye masafa, na kwa hizo kuhamia chaneli ya mbali husaidia kweli. Ya shangazi ilikuwa ya dijitali, ya aina inayorukaruka kutoka sehemu hadi sehemu ya masafa yote, ili isisikilizwe kirahisi na majirani na isiharibiwe na kelele za mahali pamoja. Ukihamia chaneli 11 itakufuata. Ukirudi 1 utaikuta. Vifaa vya Bluetooth navyo hurukaruka, mara 1,600 kwa sekunde, lakini tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 vimefundishwa kuziruka sehemu zinazotumiwa na wengine. Simu ile haikuwahi kupata somo hilo.

Dawa iliyosaidia ilikuwa umbali. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo mawimbi ya chombo kilichosogezwa kutoka sentimita 20 hadi mita 2 hufika yakiwa na nguvu ya sehemu moja ya mia ya ile ya mwanzo. Nilinunua waya mrefu, nikaipandisha ruta juu ya kabati la vitabu mwisho wa ukumbi, na nikaacha kitako cha simu pale pale. Nyumba za kule ni za mbao na ubao wa jasi, hazizuii sana mawimbi, na mtandao ukawa wa kuvumilika. Bado shangazi alipopita karibu yangu na mkonga begani nilikuwa nikiona zile milisekunde zikipanda, kwa sababu mkonga nao unarusha mawimbi, na mkonga una miguu.

Mwaka 2007 simu ile ilikufa betri na tukanunua nyingine. Kufikia wakati huo dukani kulikuwa na rafu nzima, na mnunuzi alishawishika kuamini kwamba namba kubwa ndiyo bora: megahezi 900, gigahezi 2.4, gigahezi 5.8, na sasa mpya iliyoandikwa DECT 6.0. Ile ya 900 ilionekana ya kizamani, ingawa kwa mwenye Wi-Fi haikuwa na shida yoyote. Ile ya 5.8 ilikuwa na mtego: baadhi yake zilitumia gigahezi 5.8 kutoka kwenye kitako kwenda kwenye mkonga, lakini mkonga ulijibu kwa 2.4 ili usimalize betri, na jambo hilo hukulikuta kwenye maandishi makubwa ya boksi. Ama hiyo 6.0, si gigahezi 6 wala haikaribii. Ni jina la biashara tu, lililowekwa ili lionekane limeishinda 5.8. Teknolojia yenyewe ni DECT, iliyoanzia Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kule hutumia megahezi 1,880 hadi 1,900. Marekani iliiruhusu mwaka 2005 katika kipande cha megahezi 1,920 hadi 1,930. Kutoka hapo hadi mahali Wi-Fi inapoanzia kuna zaidi ya megahezi 450.

Kwa hiyo nikiulizwa leo kama simu ya mezani isiyo na waya inaharibu Wi-Fi, huomba kwanza nisomewe kilichoandikwa chini ya kitako. Ikiwa ni DECT, naiacha. Wajerumani wana ruta maarufu, Fritz!Box, ambayo ndani ya kasha moja ina Wi-Fi na kitako cha DECT pamoja, na jamaa zetu walioko Ujerumani huitumia miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba kuna ugomvi uliowahi kuwapo kati ya vitu hivyo viwili. Mimi bado huacha mita moja kati yao pale ninapoweza, kwa kuwa kipaza mawimbi kilicho karibu sana huweza kukisumbua kipokezi hata kama masafa ni tofauti, lakini hiyo ni tahadhari ya aliyeungua uji. Ikiwa imeandikwa 2.4, najua tuna kazi. Na mtu akitaka kupima, asitosheke na kuurudisha mkonga mahali pake. Achomoe kitako kabisa kwenye umeme, kwani vipo vitako vinavyorusha mawimbi hata wakati hakuna anayezungumza.

Kwetu pwani swali hili huja limebadilika sura. Katika miaka ya 2000 TTCL kwa upande wa Tanzania na Telkom kwa upande wa Kenya waliwauzia watu simu za mezani zisizo na waya za CDMA, na wengi bado huziita kwa jina hilo hilo. Hizo zilikuwa kitu kingine. Hazikuwa na kitako ukutani. Zilizungumza na mnara kama simu ya mkononi, katika masafa ya karibu megahezi 800, na hazikuwa na uhusiano wowote na ruta yako.

Wasiwasi wangu kwa nyumbani uko kwenye mabegi. Sisi tulioko Marekani tuna tabia ya kufungasha kila kitu kwenda nacho, na simu ile ya DECT 6.0, ambayo Minneapolis ilituletea amani, ikifika Mombasa au Dar es Salaam inaangukia pabaya. Megahezi 1,920 hadi 1,930, ambazo Marekani zimetengwa kwa kazi hiyo, kwetu ni mwanzo wa masafa ambayo simu za 3G hutumia kupandisha mazungumzo kwenye mnara, megahezi 1,920 hadi 1,980. Wi-Fi ya mama itabaki salama kabisa, lakini kitako chake kitakuwa kinapiga kelele ndani ya sikio la mnara wa mtaa. Ndiyo sababu mamlaka za mawasiliano za nchi zetu hutaka vyombo vya redio viidhinishwe kabla ya kuuzwa. Shangazi hakunisikiliza, alimpelekea dada yake moja mwaka 2009. Ilinusurika kuudhi mnara kwa sababu ya adapta: ilikuwa ya volti 120, ikachomekwa kwenye 240, ikatoa harufu na moshi kidogo na mambo yakaishia hapo.

Ama kinachoharibu Wi-Fi za majengo ya Nairobi na Dar es Salaam sasa hivi, simu za mezani hazimo. Fungua orodha ya mitandao ukiwa ghorofa ya tano Kileleshwa au Kariakoo, uhesabu majina ya ruta za majirani. Ni nyingi, na zote zinagombania chaneli zile zile tatu. Katika nyumba za Mji wa Kale zenye kuta nene za mawe ya matumbawe hali ni kinyume, jirani humsikii, na hata ruta yako mwenyewe huisikii ukiingia chumba cha ndani. Masafa ya gigahezi 5 yana nafasi kubwa zaidi, lakini kuta kama zile huyala kuliko zinavyoyala yale ya 2.4.

Nilimtembelea shangazi mwezi wa Disemba. Laini ya simu aliikata zamani; anazungumza na Mombasa kwa WhatsApp, kwa picha, Jumapili saa tano ile ile, na simu yake ni ya zamani, haijui masafa mengine zaidi ya gigahezi 2.4. Nilikuwa jikoni nikipasha mahamri, nimebonyeza dakika moja tu, maikrowevu ikaanza kunguruma. Sekunde kumi hazikufika nikasikia sauti yake kutoka sebuleni, kali kidogo, ya mtu aliyekatiziwa habari mahali patamu.

«Zima hilo jiko lako, mwanangu. Dada yangu ameganda.»